Ramani za Katanga: mpaka uko wapi kweli?

Ramani ya topografia inaonyesha milima, mito, njia na mapori jinsi yalivyo juu ya ardhi. Karibu na Likasi, ambako pori la miombo linakutana na migodi, karatasi hiyo inaweza kuamua nani analima na nani anachimba.

Ilivyoanza
Comité Spécial du Katanga (CSK), iliyoanzishwa 1900, njo ilisimamia kupima Katanga. Wapimaji walipanda milima, wakaweka alama inayoonekana mbali, kisha wakapima pembe kutoka mlima mpaka mwingine. Nyuma yake zikaja picha za ndege. Miombo ikiangusha majani wakati wa kiangazi, njia na vijito vinaonekana vizuri zaidi kutoka juu. Kwenye ramani za 1931 mpaka 1966, Likasi inaitwa Jadotville.

Ju ya nini vipimo havilingani
Ramani nyingi za zamani zinafuata hesabu inayoitwa Katanga 1955, inayoanzia alama moja ya Tshinsenda, karibu na mpaka wa Zambia. GPS ya simu inafuata hesabu ingine, WGS 84, inayotumika dunia nzima. Namba zilezile za latitudo na longitudo, zikisomwa kwa hesabu hizo mbili, zinaangukia pahali pawili. Tofauti inapita mita 100.

Kare za madini
Tangu Sheria ya Madini ya 2002, Kadastri ya Madini (CAMI) inagawa nchi katika kare za hekta 84.955, kwa WGS 84. Kare ina mistari iliyonyooka. Haifuati mto wala njia. Sheria hiyo ilikataza pia kuchukua ardhi iliyo chini ya mita 180 kutoka nyumba, ao mita 45 kutoka shamba lililolimwa, bila ruhusa ya mwenyewe. Hapo kosa la mita 100 si dogo: nyumba iliyo mita 120 kutoka machimbo inaweza kuonekana kwenye karatasi iko mita 220.

Cha kufanya
Mtu akionyeshwa ramani, aulize ni ya mwaka gani na inafuata hesabu gani. Halafu mpaka utembelewe kwa miguu pamoja na chefu wa kijiji, na namba za GPS ziandikwe kwenye kila kona ya shamba, nyumba, kisima na makaburi. Shamba lisiloandikwa popote, kwenye ramani linabaki pori tu.