Urejeshaji wa Filamu: Istilahi na Mipaka Yake

Katika majalada ya diski za filamu za kale, hasa zile zinazotolewa na kampuni zinazowahudumia wapenzi wa sinema za zamani, kama Criterion iliyoanza kazi nchini Marekani mwaka 1984, neno la Kiingereza restoration halikosekani, na mara nyingi huandamana na alama ya 2K au 4K. Mfasiri anayelikuta huelekea kulikimbilia neno ukarabati, kwa kuwa ndilo linalosikika kila siku panapozungumzwa habari za barabara, viwanja vya michezo na majengo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Makala haya yanapendekeza kwamba dhana nzima iitwe urejeshaji wa filamu, na kwamba ukarabati ubakizwe kwa hatua moja tu iliyo ndani yake.

Urejeshaji wa filamu ni kazi ya kuirudisha filamu, kwa kadiri masalia yake yanavyoruhusu, katika hali iliyokuwa nayo ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza. Mwenye kukarabati nyumba anaweza kubadilisha bati, kuongeza chumba na kupaka rangi nyingine, na hakuna atakayemlaumu mradi nyumba imekuwa bora. Mrejeshaji wa filamu hana uhuru huo, kwa sababu kipimo cha kazi yake si ubora bali ni uaminifu kwa kile kilichokuwapo. Ni kweli kwamba neno urejeshaji limezoeleka zaidi katika mambo ya mikopo, na mwanachama wa VICOBA, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, akisikia marejesho hufikiria fedha kwanza. Hata hivyo maana yake ya msingi, yaani kukirudisha kitu kilikotoka, ndiyo hasa inayotakiwa hapa.

Kinachorejeshwa ni picha, lakini kinachoharibika ni ukanda. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 kanda nyingi za sinema za milimita 35 zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, kemikali inayoshika moto upesi mno. Asetati iliyochukua nafasi yake haiungui kwa urahisi huo, ila huoza polepole ikitoa harufu kali ya siki, huku ukanda ukisinyaa na kujikunja. Mrejeshaji hutafuta kwanza negativu asilia, yaani ukanda wenyewe uliopita ndani ya kamera, ambamo mwanga na giza vimebadilishana nafasi, kwa sababu kila nakala inayotolewa kutoka nakala nyingine hupoteza sehemu ya undani wa picha.

Mfano unaozieleza vizuri hatua za kazi hiyo ni ule wa filamu tatu zinazomhusu mhusika Apu, za mwongozaji Satyajit Ray wa India, nazo ni Pather Panchali ya mwaka 1955, Aparajito ya mwaka 1956 na Apur Sansar ya mwaka 1959. Negativu zake ziliteketea kwa moto katika maabara moja ya filamu jijini London mwaka 1993, na mabaki yaliyoonekana kuwa hayafai kwa lolote yakahifadhiwa Marekani na hifadhi ya filamu ya Academy, taasisi inayotoa tuzo za Oscar. Miaka 20 baadaye Criterion iliyapeleka Bologna, Italia, katika maabara ya L'Immagine Ritrovata, ambako mafundi walitumia karibu saa elfu moja kuulainisha kwa dawa ukanda uliokakamaa, kubandua gundi na nta zilizoyeyuka juu yake, na kujenga upya kwa mkono matundu ya pembeni ambayo meno ya mashine hushikia. Huo ndio ukarabati kwa maana yake halisi, kwani mikono inashughulika na kitu kinachoshikika. Kwa juhudi hizo takriban asilimia 40 ya Pather Panchali na zaidi ya asilimia 60 ya Aparajito zilipatikana kutoka negativu asilia. Apur Sansar haikuokolewa hata kipande, ikabidi nakala nyingine zitumike.

Ukanda ukishatengemaa hupitishwa kwenye skana, fremu moja baada ya nyingine, na alama ya 4K humaanisha kwamba kila fremu imesomwa kwa upana wa pikseli zipatazo 4,000. Kwa kuwa sekunde moja ya filamu ina fremu 24, filamu ya dakika 100 ina fremu 144,000 za kuondolewa mikwaruzo na madoa.

Ni katika hatua hii ya usafishaji ambapo mipaka huvukwa kwa urahisi. Picha ya ukanda imeundwa kwa punje ndogondogo zinazoonekana kama zinachezacheza, nazo si uchafu; programu ikiagizwa kuziondoa, huondoka pamoja na vinyweleo na mikunjo ya ngozi, kama ilivyotokea katika toleo la Blu-ray la filamu ya Predator la mwaka 2010, ambalo watazamaji wengi walililalamikia kwa nyuso zinazofanana na nta. Rangi nazo zina mtego wake. Mwaka 2009 mwongozaji William Friedkin alitoa The French Connection kwa Blu-ray yenye rangi zilizofifishwa tofauti na za mwaka 1971, na mpigapicha wake, Owen Roizman, akapinga hadharani; toleo la mwaka 2012 likarekebishwa. Mwongozaji ana haki ya kuibadili kazi yake, lakini mabadiliko hayo yaitwe marekebisho, si urejeshaji.

Istilahi nyingine, utayarishaji wa nakala kuu mpya, inafaa kwa kazi nyepesi zaidi ya kutoa faili bora kutoka nakala iliyopo bila kuutibu ukanda wala kutafuta negativu. Msomaji anayenunua diski na asome basi maandishi madogo nyuma ya jalada, ambayo huweza kutaja ukanda uliotumika, maabara iliyofanya kazi na aliyeidhinisha rangi. Jalada lisilotaja hata moja kati ya hayo, japo limeandikwa 4K kwa herufi kubwa, halijathibitisha urejeshaji wowote.