Uchovu wa Jembe na Uchovu wa Kalamu

Huku kwetu Lusangi, kama popote katika nchi za Kasongo na Kabambare, maneno haya husikika mara nyingi. Jioni mkulima anarudi shambani, jembe begani, akakutana na ndugu yake atokaye ofisini, au biro kama tusemavyo. Huyu wa ofisi analalamika kwamba amechoka. Mkulima anacheka: "Umechoka nini, ndugu yangu? Tangu asubuhi umekaa kitini, tena kivulini!" Yule hana jibu, maana mikono yake haina sugu wala shati lake halina jasho. Je, anasema uwongo? Tuulize historia.

Kabla ya reli na motokaa, mizigo mingi katika nchi hii ilisafiri juu ya kichwa au bega la mtu. Njia kubwa ya misafara ilitoka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo, mji wa Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kadiri ya kilo 32, naye aliubeba siku baada ya siku, jua na mvua. Wengi walibeba kwa kulazimishwa, na wengine walikuwa watumwa. Lakini tajiri wa pembe alihitaji pia mtu wa karatasi na wino, wa kuandika barua na kuhesabu mali. Mtu huyo hakubebeshwa mzigo. Tangu siku zile watu wakajua kwamba mwenye kalamu huokoa mgongo wake.

Serikali ya Wabelgiji ilipokuja, kazi ya nguvu haikuisha. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Wakongo wapatao robo milioni walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, lile lililoteka Tabora mwezi wa Septemba 1916. Halafu ikaja pamba. Sheria ya 1917 iliruhusu serikali kuwashurutisha watu wa vijiji kulima mazao iliyoyataka, hadi siku 60 kwa mwaka, na Maniema ilikuwa kati ya nchi za kwanza kupewa kazi hiyo. Mwaka 1942, wakati wa vita vya pili, siku hizo zikaongezwa kufika 120. Asiyelima aliweza kutozwa faini au kufungwa.

Sasa tazameni mtoto wa siku zile aliona nini. Alimwona baba yake ameinama juani katika shamba la pamba asilolichagua. Alimwona karani amekaa mezani, akiandika majina ya wale walioinama. Mkataba wa tarehe 26 Mei 1906, kati ya Papa na Serikali ya Kongo, uliagiza kwamba misheni zifungue shule za kufundisha ukulima na kazi za mikono. Walakini wazazi wengi na watoto wengi walitamani kalamu kuliko jembe. Wageni wengine waliwaita wavivu. Hawakuwa wavivu. Walichokimbia ni shuruti, na shuruti ilikuwa imevaa sura ya jembe.

Basi, karani huyo alipumzika? Hata kidogo. Tarakimu moja ikipotea katika daftari, yeye ndiye aliyeulizwa. Alifanya hesabu zilezile kila siku, chini ya jicho la mkubwa wake, naye hakuona tunda la kazi yake kama mkulima aonavyo muhogo wake. Tena ngazi ilikuwa na kikomo: hata karibu na 1960, Wakongo waliofika daraja za juu za utumishi wa serikali walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kumbukeni kwamba Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta huko Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, na Joseph Kasa-Vubu, aliyesoma seminari, alikuwa karani wa fedha huko Léopoldville, yaani Kinshasa. Watu hao walijua vema uchovu wa mtu aliyeketi.

Wala jambo hili si geni duniani. Zamani watawa wa Ulaya walionakili vitabu kwa mkono waliandika mara nyingine, kwenye ukurasa wa mwisho, malalamiko juu ya macho yao na migongo yao. Mganga mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa mwaka 1700 kitabu juu ya magonjwa ya kazi mbalimbali. Mwaka 1713 alikitoa tena, akaongeza sura juu ya waandishi. Aliona mambo matatu yanayowaumiza: kukaa bila kusimama, mkono kurudia mwendo uleule, na akili kukaza daima isije ikakosea.

Waganga wa siku hizi hawampingi. Ubongo hutumia kadiri ya moja kwa tano ya nguvu za mwili uliotulia, nao hauongezi sana tunapofikiri kwa bidii. Kwa hiyo karani hachoki kwa sababu nguvu zimekwisha kama za mpagazi. Mwili wake umekosa mwendo, na akili yake imekosa kituo. Mkulima hula, hulala, na asubuhi uchovu mwingi umekwenda. Karani hulala, na daftari humfuata kitandani. Huyo wa kwanza anahitaji kuketi. Huyu wa pili anahitaji kusimama, kutembea, na hata kushika jembe kidogo.

Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1981, katika barua yake Laborem Exercens, kwamba taabu ya kazi inajulikana kwa wenye kazi za mikono na kwa wenye kazi za akili pia. Hakuwapanga kwa madaraja, nasi tusiwapange.

Ndiyo maana wazee walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe mkulima, usimcheke ndugu yako wa ofisini. Mzigo wake haupandi kichwani, lakini upo. Na wewe karani, usiwafundishe watoto wako kulionea jembe haya. Adhabu walizopata babu zetu zilitoka kwa waliowashurutisha, wala si kwa jembe lenyewe. Leo anayelima shamba lake mwenyewe, akala na watoto wake, ameurudishia mkono heshima yake. Jioni mkikutana njiani, pokezaneni habari za kazi, kila mtu asikilize uchovu wa mwenzake.