Chakleti nyeusi na damu ya bibi harusi: habari hii ilianzia wapi?



Wiki za kabla ya Ramadhani dukani kwetu ni za pirika, kila bibi harusi anataka gauni lake. Mmoja alikuja kupimwa mara ya pili, tukakuta gauni linampwaya kiunoni. Alikuwa amejinyima wali, mkate, hata ndizi, ili apungue. Tukiwa tunamtia pini mgongoni akashika meza, kisha akakaa chini, midomo meupe. Tulimpa maji na tende. Akatwambia tusiwe na wasiwasi, anakula chakleti nyeusi kila siku kwa sababu inaongeza damu, na pakti akaitoa mkobani kutuonesha. Alipokwenda kupima, damu ilikuwa chini sana.

Tokea siku hiyo tukawa tunajiuliza, hii sifa ya chakleti kuwa dawa imetoka wapi? Tukaanza kusoma.

La kwanza tulilojifunza ni kwamba kwa muda mrefu kabisa chakleti haikuliwa, ilinywewa. Wamaya na Waazteki, watu wa Mexico na nchi jirani, walikausha mbegu za kakao, wakazikaanga, wakazisaga juu ya jiwe, wakachanganya na maji. Wengine walitia pilipili, wengine unga wa mahindi, na kinywaji kilimiminwa kutoka juu mpaka kitoe povu. Kilikuwa kichungu. Sukari ya miwa ilifika huko na Wahispania, baada ya 1500. Mbegu zenyewe zilikuwa na thamani hata zikatumika sokoni kama sarafu.

Kinywaji kilipofika Hispania, matabibu walikipokea kwa elimu waliyokuwa nayo, ile ya vyakula vya moto na vyakula vya baridi, ambayo bibi zetu wanaijua vizuri kwa sababu ni tiba ileile aliyoiandika Ibn Sina. Mwaka 1631 tabibu mmoja, Antonio Colmenero de Ledesma, alichapisha kitabu kizima juu ya chakleti na tabia zake. Kwa hiyo sifa ya dawa ni ya zamani. Lakini dawa yenyewe ilikuwa kikombe cha kakao iliyosagwa, si kile kipande kinachong'aa ndani ya karatasi ya fedha.

Kisa tulichokipenda zaidi ni cha wanawake wa Chiapas, kusini ya Mexico. Kimeandikwa na Thomas Gage, padri wa Kiingereza aliyeishi huko, katika kitabu chake cha 1648. Mabibi wakubwa wa mji walikuwa wakiletewa chakleti ya moto na wajakazi wao katikati ya ibada, wakidai matumbo yao ni dhaifu na bila kikombe hicho hawawezi kustahamili. Askofu akapiga marufuku. Mabibi wakalihama kanisa lake wakaenda kusali kwengine. Baadae askofu akaugua akafa, na mji mzima ukanong'ona kwamba sumu ilitiwa ndani ya kikombe chake cha chakleti. Ukweli anaujua Mungu.

Wakristo wa wakati huo pia walibishana sana kama chakleti inabatilisha funga au la, na 1636 Antonio de León Pinelo alitoa kitabu juu ya suala hilo tu. Kwetu sisi halina mjadala: kinywaji ni kinywaji, kinasubiri adhana ya Magharibi.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mashine. Mwaka 1828 familia ya Van Houten wa Amsterdam ilipata hati ya mashine ya kukamua mafuta ya kakao, ubaki unga mkavu. Unga huo wakautia chumvichumvi za magadi ili uchanganyike vizuri na maji na upunguze uchungu. Mwaka 1847 kampuni ya Fry ya Bristol, Uingereza, ikachanganya unga, sukari na mafuta yaleyale yaliyokamuliwa, ikapata chakleti ya kutafuna. Daniel Peter wa Uswisi akatia maziwa mwaka 1875.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Ule uchungu waliouondoa ndio wenye flavanoli, vitu ndani ya kakao vinavyosaidia mishipa ya damu kulegea. Magadi yanazipunguza sana, na wakati huohuo yanafanya unga uwe mweusi zaidi. Kwa hiyo weusi peke yake si ushahidi wa chochote.

Sifa ya kisasa nayo imeanzia visiwani, ingawa si vyetu. Daktari Norman Hollenberg wa Harvard aliwachunguza watu wa Kuna wa visiwa vya San Blas, Panama, akaona presha zao haziongezeki na umri kama za jamaa zao waliohamia mjini. Wa visiwani walikuwa wakinywa kakao kwa wingi. Mashoga, kakao! Si pakti ya zawadi. Na utafiti mkubwa wa Marekani wa watu zaidi ya 21,000, uliotolewa 2022, uliwapa watu vidonge vya kakao, lakini idadi ya matukio ya moyo na mishipa kwa jumla haikushuka kwa kiwango cha kuaminika.

Sasa tuje kwenye damu. Gramu 100 za chakleti yenye kakao asilimia 70 hadi 85 zina chuma kiasi cha miligramu 12, magnesi miligramu 228, na shaba ya kutosha siku nzima. Chakleti ya maziwa ina chuma kama miligramu 2 tu. Mwanamke wa umri wa kuzaa anashauriwa apate miligramu 18 kwa siku, na mjamzito 27. Ukitazama hivyo utasema yule bibi harusi alikuwa na haki.

Lakini gramu 100 hizohizo zina mafuta gramu 43, sukari gramu 24, nguvu karibu kalori 600, na kafeini inayokaribia kikombe cha kahawa. Nani anakula zote? Vipande viwili vya gramu 20 vinakupa chuma miligramu 2 na kidogo. Na hicho kidogo mwili hauchukui chote, kwa sababu kakao, kama chai, ina vitu vinavyokizuia chuma kisiingie. Maini, nyama, na mboga za majani zilizokamuliwa ndimu zinafanya kazi hiyo vizuri zaidi na bei yake ni ndogo.

Sisi bado tunakula chakleti nyeusi, tunaipenda. Tunasoma asilimia ya kakao, tunatazama kama sukari imeandikwa mwanzo, na kwa zile zenye kitu ndani tunahakikisha hakuna pombe. Daku hatuigusi, kiu yake tunaijua.

Bibi harusi wetu alipewa vidonge vya chuma na akaambiwa ale. Harusi ilisogezwa mbele. Aliporudi kupimwa mara ya tatu ilibidi tufumue mishono yote ya kiunoni tuliyoibana, tukalitoa gauni inchi mbili, na kazi hiyo hatukumtoza.