Kuvu Iliyodhaniwa Kijidudu

Masimulizi ya vitabuni kuhusu kutambua kuvu ndani ya tishu ni mepesi mno: kingamwili zilitiwa rangi, kuvu ikajulikana, basi. Sikuridhika. Mbona daktari wa kwanza kuiona kuvu ya Histoplasma kwa macho yake hakuitambua?

Nikaanzia Panama, Desemba 1905, mfereji ukichimbwa. Ripoti ya 1906 inaeleza maiti ya mtu kutoka Martinique. Mapafu yamejaa vinundu. Ungeapa ni kifua kikuu. Chini ya hadubini, vidoa vya mviringo vimesongamana ndani ya seli. Daktari akaamua ni vimelea jamii ya Leishmania, tena vyenye ganda. Mwaka 1912 mtafiti mwingine, Ujerumani, akalinganisha slaidi akasema hii ni kuvu. Ganda nalo halikuwapo: chembe zilikuwa zimesinyaa tu wakati wa kuandaliwa, zikaacha uwazi pembeni. Kama umbo linadanganya hivi, rangi je?

Nikafuata rangi ya fedha, ile ya 1955. Kuta za kuvu hutoka nyeusi ti juu ya kijani, inapendeza, nakiri. Ila inapaka kuvu zote. Nyuzi za Aspergillus na za Fusarium hufanana kama mapacha, na jina lina uzito: dawa ya voriconazole inayoiweza Aspergillus haifui dafu mbele ya jamii ya Mucor. Fedha inakwambia kuvu ipo. Ni ipi?

Swali hilo likanipeleka Boston, 1941, rangi ilipogandishwa kwenye kingamwili. Jaribio la kwanza liling'aa buluu, na tishu yenyewe hung'aa buluu-buluu. Kikwazo hicho! Mwaka uliofuata watafiti wakahamia rangi ya kijani. Mwaka 1966 kikaja kimeng'enya kinachoacha doa la kahawia, likaonekana kwa hadubini ya kawaida. Wengi humalizia hapo. Lakini je, kingamwili hazikosei?

Hukosea. Kuvu nyingi zina sukari zilezile ukutani, hivyo seramu ya sungura aliyechanjwa kwa kuvu moja hunasa na jamaa zake. Ilibidi kwanza ichanganywe na kuvu nyingine ili kingamwili zinazonasa ovyo ziondolewe. Ndiyo maana slaidi iliyong'aa bila slaidi za kulinganishia siiamini.

Hukumu yangu: kingamwili ni shahidi mzuri pale tishu ilipokwisha kuingia kwenye nta. Lakini formalini inayotangulia nta huua kuvu, haioti tena. Basi daktari, ukichukua kinyama cha kupima na kuvu ikashukiwa, kipande kimoja usikitie formalini; kipeleke kikaoteshwe.