Kufunga skrini kwa lazima kwenye Linux: kwa wenye kafe na ofisi za Mwanza

Hii ni ya kukopi na kutunza, hasa kwa wanaosimamia mashine za kafe, stesheneri au ofisi ya mizigo pale Mwaloni.

Kwa nini iwe lazima

Chukua stesheneri ya kawaida pale Igoma msimu wa maombi ya mkopo HESLB. Kompyuta ya kaunta imejaa skani za vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya wadhamini. Mhudumu akitoka kidogo kununua vocha, yeyote aliye kwenye foleni anaweza kufungua folda na kuondoka na vitu vya watu kwenye flashi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inambana huyo mwizi: faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Ila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamgeukia na mwenye ofisi: ukikusanya taarifa za watu, uzilinde.

Dakika ngapi? Kiwango cha PCI DSS, cha wanaoshughulika na kadi za benki, kinasema mashine ikikaa zaidi ya dakika 15 bila kuguswa, mtu aingie upya. Kwa kaunta inayopitiwa na watu, dakika 5 ndiyo salama.

Jinsi ya kuweka (GNOME: Ubuntu, Fedora, Debian)

Kuweka kwenye settings za mtumiaji haitoshi, maana kesho atazima kwa sababu inamkera. Weka kama root.

1. Faili `/etc/dconf/profile/user`:

```
user-db:user
system-db:local
```

2. Faili `/etc/dconf/db/local.d/00-skrini`:

```
[org/gnome/desktop/session]
idle-delay=uint32 300

[org/gnome/desktop/screensaver]
lock-enabled=true
lock-delay=uint32 0
```

3. Faili `/etc/dconf/db/local.d/locks/skrini`:

```
/org/gnome/desktop/session/idle-delay
/org/gnome/desktop/screensaver/lock-enabled
/org/gnome/desktop/screensaver/lock-delay
```

4. Andika `dconf update`, halafu mtumiaji atoke na kuingia tena.

Hiyo idle-delay inazima skrini tu, baada ya sekunde 300. Anayefunga ni lock-enabled, na lock-delay ikiwa 0 hakuna kusubiri. Faili la tatu ndilo linafanya iwe lazima. Ukiliruka, umetoa ushauri tu.

Kuhakikisha, ingia kama mtumiaji wa kawaida uandike:

`gsettings writable org.gnome.desktop.screensaver lock-enabled`

Ikijibu *false*, hawezi kubadilisha. Wanaotumia KDE, hiyo iko kwenye `kscreenlockerrc` ndani ya `/etc/xdg`. Alama `[$i]` ndiyo inazuia mtu kubadilisha.

Mianya inayosahaulika

- *Umeme ukikatika.* Kama mashine inaingia yenyewe bila nywila, ikiwaka tena iko wazi kabisa. Kwenye `/etc/gdm3/custom.conf` ya Ubuntu (Fedora ni `/etc/gdm/custom.conf`, Debian ni `/etc/gdm3/daemon.conf`), chini ya `[daemon]`, weka `AutomaticLoginEnable=false`.
- *Sudo.* Mwenye sudo anafuta yote haya kwa dakika moja. Mhudumu apewe akaunti ya kawaida.
- *Video.* Video ikiwa inacheza kwenye brauza, mara nyingi mashine haihesabu kuwa imeachwa. Ukinyanyuka, bonyeza Super+L (kile kitufe chenye nembo ya Windows, pamoja na L).
- *Nywila ya wote.* Ikibandikwa kwenye monita, kufunga skrini ni mapambo.

Mashine za wateja je?

Hapa kufunga hakusaidii, maana akaunti ni ya wote. Mteja aliyesahau kutoka kwenye Ajira Portal anamwachia anayefuata kila kitu. Dawa ni mashine imtoe yenyewe: chini ya `[org/gnome/settings-daemon/plugins/power]` weka `sleep-inactive-ac-type='logout'` na `sleep-inactive-ac-timeout=600`, kisha zifungie kama pale juu. Brauza nayo iwekwe ifute historia na kuki ikifungwa.

Na wewe kijana unayelipia saa yako, usisubiri mwenye kafe. Tumia dirisha la faragha, toka kwenye akaunti, ndipo unyanyuke.

Wadau, kwenu kafe mnaziwekaje? Mwageni uzoefu hapo chini.