Vyombo Vilivyoshonwa kwa Kamba

Ndugu msikilizaji, juma lililopita kijana mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza, "Mzee, ni kweli zamani watu walivuka bahari katika vyombo vilivyoshonwa kwa kamba?" Nilicheka. Kisha cheko likanikatika. Babu yangu alikuwa mkalafati wa majahazi pale Malindi, Unguja, na mimi mjukuu wake sijui hata kushika patasi.

Basi leo tuvizungumze vyombo hivyo.

Ni kweli. Kabla ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi mwaka 1498, vyombo vingi vya Oman na vya pwani yetu havikupigwa misumari. Fundi alitoboa mbao kandokando, akazifunga kwa kamba za makumbi ya nazi, akaziba matundu, kisha akapaka mafuta ili maji yasipenye. Mabaharia walikuwa na ngano yao kwamba baharini kuna mlima wa sumaku unaong'oa misumari. Lakini faida yenyewe si ngano: chombo kilichoshonwa hunesa kikigusa mwamba.

Ufundi huu ni wa kale. Kitabu cha safari kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 kinautaja mji wa Rhapta, katika pwani hii ya Afrika Mashariki, na jina hilo limetokana na mashua za kushonwa. Wenzetu wa Lamu na visiwa vya jirani waliunda mitepe mpaka karne ya 20 ilipoingia. Kisha mitepe ikatoweka.

Waomani nao walikuwa karibu kuupoteza ufundi huu, lakini wakashtuka. Mwaka 1980, kwa msaada wa Sultan Qaboos, chombo cha kushonwa kiliundwa ufukweni mwa mji wa Sur, kikaitwa Sohar. Mbao zilitoka Malabar, na baadhi ya washonaji ilibidi watafutwe visiwa vya Lakshadweep, huko India. Novemba mwaka huo Sohar iling'oa nanga Maskati, chini ya Tim Severin na mabaharia wa Kiomani miongoni mwa wenzao. Julai 1981 ikafika Canton, China.

Hawakuishia hapo. Mwaka 1998 mabaki ya chombo cha karne ya 9 yalikuwa yamepatikana karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Kwa kuyafuata mabaki hayo, Waomani waliunda chombo kingine cha kushonwa pale Qantab, wakakiita Johari ya Maskati. Mwaka 2010 nahodha wa Kiomani akakifikisha Singapore, kikiwa zawadi kwa nchi hiyo.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Fatah al-Khair. Hiki ni chombo cha misumari, aina ya ghanja, kilichoundwa Sur mwaka 1951. Kiliuzwa, kikaishia Yemen. Watu wa Sur wakachangishana fedha, wakakinunua, na mwaka 1993 kikarudi nyumbani.

Hebu tujitazame na sisi. Tulikuwa na mtepe wa mfano, ulioundwa kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib. Desemba 2020 sehemu ya jumba lenyewe ikaporomoka. Sisemi haya kwa kumsuta mtu. Nasema kwa kuwa kitu kilichowekwa ndani ya nyumba kinaitegemea nyumba. Ufundi ulio mikononi mwa watu hautegemei paa.

Hilo ndilo funzo la Sohar. Kamba zilipatikana, mbao zilipatikana. Kilichokuwa adimu ni mkono uliojua kushona. Mkono ule ukikosa mwanafunzi, hakuna makumbusho yatakayourudisha.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mimi sikusana wala sikuvukuta. Babu alikuwa akiniita nimshikie pamba ya kukalafatia, nami nikikimbilia mpira. Leo mafundi wa majahazi bado wapo, Unguja, Lamu na kwingineko, na wengi ni wazee. Wewe mwenye babu fundi, nenda kesho ukamshikie pamba. Usingoje kuulizwa njiani na mtoto wa mtu, ukakosa la kumwonyesha.

Tukutane juma lijalo, inshallah.