Kuvuja na Kuhama: Istilahi za Mifuko ya Chakula Iliyopakwa Kiuawadudu

Wadudu wa ghalani hukifikia chakula kilichofungashwa kwa njia mbili: wako waingiao katika mishono na mianya, na wako watoboao karatasi yenyewe. Ili kuwazuia hao wa pili, watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani, katika maabara yao ya Savannah, jimbo la Georgia, walijaribu kupaka viuawadudu kwenye mifuko. Kiuawadudu kimojawapo kilitokana na pareto, zao ambalo kwa miaka mingi Kenya iliongoza duniani, na ambalo hulimwa pia katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Nguvu yake huongezwa kwa piperonili butoksidi, ambayo Herman Wachs aliieleza mwaka 1947.

Lakini vitu hivyo viwili huyeyuka katika mafuta. Vikipakwa nje, vyaweza kusafiri polepole katika karatasi isiyo na tundu hata moja, vikafikia chakula. Ndiyo maana kanuni za Marekani ziliruhusu kupakwa tabaka la nje tu la mifuko ya karatasi yenye matabaka mengi, ichukuayo ratili 50 (kama kilo 23) au zaidi, na pareto isizidi miligramu 6 kwa futi ya mraba. Mifuko ya pamba ilipaswa kuwa na bitana ya karatasi iliyotiwa nta. Mifuko ya selofani na plastiki, yenye kiuawadudu ndani ya gundi, iliruhusiwa kwa vyakula vikavu ambavyo mafuta yake hayazidi asilimia 4.

Hapa ndipo tafsiri inapopimwa. Mfasiri akiandika kwamba kiuawadudu "kisivuje", mkaguzi atatafuta ufa, asiuone, aupitishe mfuko. Twapendekeza "kuhama" kwa mwendo huu usiohitaji tundu. Bitana nayo tusiiite "kinga", kwa kuwa kiuawadudu chenyewe ni kinga dhidi ya wadudu. "Kizuizi" ni neno lililo wazi zaidi.

Tena, neno "dawa" lisiachwe peke yake juu ya mfuko, kwani dawa kwa wengi ni kitu cha kuponya. Mfuko mtupu hautupwi kwetu. Aghalabu hutiwa kitu kingine. Ukigeuzwa nje ndani, tabaka lililopakwa hugusa unga, na kizuizi hakina kazi tena. Maandishi yaseme basi: "Tabaka la nje lina kiuawadudu. Usiugeuze mfuko huu."